Ukubwa wa Tonge

Saa kumi na moja alfajiri, Januari.
Mvua ya Tunisi hainyeshi, inasingizia tu.
Natoka zamu ya usiku, viatu vinanuka dawa ya sakafu,
nafuata harufu ya jira hadi Bab el-Khadra,
kwa Khemais, dukani kusiko na jina:
mlango mmoja, taa moja,
na sufuria moja iliyonizidi umri.

Ndani, wanaume tisa na mimi.
Mwaka wa kwanza walinikodolea macho.
Mwaka wa pili mmoja alinisogezea kiti.
Sasa hawanioni kabisa,
na mimi nimeipokea heshima hiyo.

Khemais hasalimii.
Anakusukumia bakuli tupu la udongo
na nusu ya mkate wa jana,
mgumu kama moyo wa mwenye nyumba mwisho wa mwezi.
Sheria ya hapa haijaandikwa ukutani:
kila mtu humega wake.
Angekuja waziri, angemega wake.
(Hajaja.)

Ukila lablabi hapa miaka saba
unamjua mtu kwa tonge lake.
Mabrouk wa bucha humega mapande,
kama aliyeahidiwa kufa kabla ya saa mbili.
Ghazi wa teksi humega huku akisoma simu,
nusu ya mkate huliwa na sakafu.
Karani wa mahakama, mraba kwa mraba,
unangoja akupe risiti.
Na Tijani wa kiwanda cha vigae,
polepole, kila kipande sawa na ukucha wa kidole gumba,
akivipanga chini ya bakuli
kana kwamba kuna mtu atakayepita juu yake.

Ndipo zinapokuja dengu.
Zimelala majini mchana, zimechemka usiku kucha,
hazina tena ubishi na meno.
Mchuzi unashuka, mkate unapumua.
Jira. Chumvi. Kitunguu saumu.
Kijiko cha harisa, pilipili nyekundu kama jicho la mkesha.
Yai linapasuliwa juu, bado linatetemeka.
Limau. Kisha mafuta ya zeituni,
ambayo Khemais huyamimina akitazama pembeni,
asije akajua amekupa kiasi gani.

Jumanne ile Tijani aliingia
mkono wa kulia ndani ya bendeji.
Naijua bendeji ile. Niliifunga mimi, Alhamisi,
na ninajua kilichobaki chini yake.

Akaketi mahali pake.
Khemais akasukuma bakuli, akasukuma mkate.
Sote tukapata ghafla jambo la kutazama
ndani ya mabakuli yetu.
Akaushika kwa kushoto. Akaubana kwenye ukingo wa meza.
Ukateleza, ukaanguka, ukabiringika
hadi kwenye kiatu changu.

Khemais alinyanyua mwiko. Akaurudisha.
Miaka thelathini, sheria ni sheria.

Niliuokota.
Nikaubusu, nikaugusisha kwenye paji la uso,
kama bibi yangu Mannoubia alivyonizoesha:
mkate ukianguka, uombe radhi.
Kisha nikaanza kumega,
sikumwomba ruhusa, sikumtazama usoni,
vidole vyangu vyote kumi
vikinitia haya.

Tijani akachungulia bakuli.
Akalichungulia tena.
"Sista," akasema, "unalisha mtu au unalisha kuku?"

Mabrouk ndiye aliyecheka kwanza,
kicheko kilichompeleka kukohoa,
kukohoa kulikomwamsha paka juu ya gunia.
Karani alijifuta macho, akasingizia harisa.

Nikamega upya.
"Kidogo zaidi," akasema. "La, umepitiliza.
Unajua kusoma kipimo au hujui?"
Akanyoosha kidole gumba cha kushoto juu ya meza,
ukucha ukiwa bado na vumbi jeupe la vigae.

Nikaweka kipande kando yake. Nikapima.
Nikaweka kingine.

Khemais akaja na mchuzi.
Akamimina mafuta ya zeituni,
na mara hii aliyatazama.